Kaa wa kombe kwa tangi la maji chumvi: miguu bluu, skaleti, pundamilia au yule mkubwa mwekundu?

Hili swali nimeulizwa mara nyingi sana na naona bora nilijibu lote kwa pamoja, maana majibu ya vipande vipande yanawachanganya watu. Mtu ana tangi la maji chumvi nyumbani, lita 70 au 80 hivi, limeshatulia, ana samaki wawili watatu, sasa mwani umeanza kuota kwenye mawe na dukani anaambiwa chukua kaa wa kombe, hemiti wanawaita, wale wanaoingia kwenye kombe la konokono aliyekufa na kutembea nalo mgongoni. Anafika pale anakuta aina tatu nne, bei mbalimbali, rangi mbalimbali, muuzaji anamwambia wote ni wasafishaji chukua yeyote. Sio yeyote jamani. Hawa wanatofautiana sana, na ukikosea unaweza kupoteza konokono wako wote, au hata samaki.

Mi ni mtu wa Tanga lakini naishi Ohio, Marekani, bahari iko mbali na mimi kabisa, kwa hiyo lile tangi la lita 110 pale sebuleni ndo bahari yangu na nalipenda kweli. Huu mwaka wa 7 nafuga kaa hawa. Nianze na wawili ambao wengi wanachagua kati yao, miguu bluu na skaleti, maana hapo ndo penye maneno.

Miguu bluu, jina la kitaalamu Clibanarius tricolor, anatoka Karibi na Florida. Ni mdogo, sentimita 2 hivi, miguu bluu yenye pete za rangi ya machungwa, magando yake mawili yanalingana. Na hatulii. Mchana kutwa yuko juu ya jiwe anachuna mwani, gando la kulia mdomoni, la kushoto kwenye jiwe, halafu anabadilisha, kama mtu anayetafuna karanga huku anaangalia mpira. Anaingia kwenye nyufa ambazo mkono wako haufiki kabisa, anakula mwani laini, mabaki ya chakula cha samaki, kitu kilichokufa nyuma ya jiwe wewe hujui. Kinyesi cha samaki hali, hilo watu wanadanganyana tu.

Skaleti, Paguristes cadenati, naye ni wa huko huko Karibi, mwekundu miguu yote, macho yamekaa kwenye vijiti vya njano, mkubwa kidogo, sentimita 3 au zaidi akikomaa. Huyu ni mpole. Anakula mwani ule ule lakini taratibu, anashika jiwe moja analimaliza ndo anahama, na ukimpitishia mkono karibu anajikunyata ndani ya kombe anasubiri, wakati miguu bluu anajiachia tu anadondoka kwenye mchanga halafu huyoo anakimbia. Kwa kazi ya kusafisha peke yake, miguu bluu wawili wanamshinda skaleti mmoja, nakubali. Kwa bei pia, dukani kwetu skaleti mmoja ni kama miguu bluu watatu.

Lakini mimi leo ukinipa hela nanunua skaleti, na sababu ni tabia. Nilipoanza, duka moja liliniambia kanuni ni kaa mmoja kwa kila galoni, tangi langu la wakati ule lilikuwa lita 75 yaani galoni 20, basi wakanifungia miguu bluu 20 kwenye mfuko mmoja nikaondoka na furaha zangu. Wiki 3 za kwanza tangi liling'aa, sijawahi kuona mawe masafi vile. Kisha mwani ukaisha, na hapo ndo nikaanza kuokota makombe matupu. Nilikuwa na konokono 6 aina ya astrea, yule ambaye akianguka chali kwenye mchanga hawezi kujigeuza mwenyewe, na nilimkuta mmoja ameanguka, kaa watatu wamemzunguka, mmoja ameshaingiza gando mlangoni kwa yule konokono anavuta nyama vipande vipande, mwengine amekaa pembeni anapapasa kombe kwa nje kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Baada ya nusu saa kombe liko wazi na yule wa pembeni kashahamia. Baada ya miezi miwili konokono wote 6 hawapo na kaa wamebaki 11, wengine waliuana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa hapo usiwalaumu kaa. Mnyama ana njaa na nyumba imembana, ulitaka afanye nini? Ile kanuni ya mmoja kwa galoni ndo mbovu, itupeni. Kwa lita 75 mimi naweka miguu bluu 4, sana sana 5, au skaleti 3, basi. Na kumbukeni karibu kaa wote hawa wanaouzwa wametolewa baharini, watoto wao wakianguliwa wanaelea majini kama vidudu vidogo wiki kadhaa kabla ya kuwa kaa, kuwalea nyumbani ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo kila mmoja anayekufia ni mmoja aliyetolewa kwenye mwamba fulani na hatarudi.

Skaleti naye akibanwa na njaa atajaribu konokono, sisemi ni malaika. Ila kwangu miaka yote hii nimeona mara moja tu, na konokono mwenyewe alikuwa mgonjwa tayari.

Haya tuje kwa pundamilia. Huyu moyo wangu uko kwake kwa sababu ni wa bahari yetu, Calcinus laevimanus, yuko kuanzia pwani ya Afrika Mashariki mpaka Hawaii. Maji yakipwa kule kwetu ukipita kwenye miamba unaweza kumuona kwenye vidimbwi, gando la kushoto kubwa jeupe, la kulia dogo, na akiingia ndani lile gando kubwa linaziba mlango wa kombe sawasawa kama mfuniko. Wengine madukani wanamwita mkono wa kushoto, ni yule yule. Uzuri wake ni mgumu, maana kwenye vidimbwi vile jua linachoma mvua inanyesha chumvi inapanda inashuka naye yupo tu. Kwa mtu ambaye ndo anaanza na maji yake bado yanayumba kidogo, huyu anavumilia kuliko skaleti (sio sababu ya kuacha kupima maji lakini!). Ubaya wake ni ubabe. Lile gando sio pambo. Ukimchanganya na miguu bluu wadogo atawanyang'anya makombe na kuwaumiza, ni mwenye nguvu mpishe. Kwa hiyo pundamilia akae na pundamilia wenzake wa saizi yake, au peke yake, na konokono wawe wakubwa au wasiwepo.

Kama nikiweka watatu hawa kwenye mizani moja: miguu bluu anafanya kazi haraka na ni rahisi, ila anataka umlishe na umpe makombe mengi la sivyo atakula wenzake, skaleti ni ghali na polepole ila unalala usingizi, pundamilia ni mgumu na mzuri wa kutazama ila hana ujirani mwema na mtu mdogo kuliko yeye. Mwenye matumbawe na konokono wa aina aina, skaleti. Mwenye mawe na samaki tu, mwani unamsumbua na hana hela nyingi, miguu bluu wachache. Asiye na kitu kingine humo ndani anayetaka kumtazama kaa kama kaa, pundamilia.

Yule mkubwa mwekundu nitampitia haraka kwa sababu jibu ni hapana kwa karibu wote mnaosoma hapa. Dardanus megistos, mwekundu mwenye madoa meupe yaliyozungukwa na weusi, ana manyoya magumu miguuni, naye anapatikana kwetu. Dukani unamkuta bado mdogo, sentimita 3 au 4, mtu anadhani ni skaleti. Tofauti iko wazi ukiangalia vizuri: skaleti hana madoa wala yale manyoya marefu magumu, na vijiti vya macho ni vya njano. Huyu mwenye madoa anakua mpaka anapita ngumi ya mtu mzima, anakula konokono, anakula kaa wenzake, samaki aliyelala chini anamkamata, anapindua mawe uliyoyapanga wiki nzima. Ni mnyama wa ajabu na mzuri mno lakini anataka tangi lake mwenyewe, kubwa, mawe yaliyotulia yasiyoanguka, na umlishe kamba na vipande vya samaki kwa koleo sio kwa vidole. Kusafisha tangi hiyo sio kazi yake.

Na kuna wa tano ambaye sio wa tangi hili kabisa, lakini lazima nimseme maana kila mwaka naona mtu amemuua bila kujua. Kaa wa kombe wa nchi kavu. Hapa Marekani wanauzwa kwenye maduka ya zawadi za ufukweni, kwenye vitundu vya waya, makombe yamepakwa rangi na kuchorwa mpira au bendera. Kwetu ndo wale wanaotembea juu ya mchanga jioni na usiku, wanapanda mpaka kwenye mizizi ya miti, sisi utotoni Raskazone, pale Tanga, tulikuwa tunawashindanisha mbio. Hawa ni jamii ya Coenobita. Wanapumua hewa yenye unyevu kwa matamvua yao (yale ya kupumulia kama ya samaki) yaliyobadilika, na ukimzamisha kwenye tangi la maji chumvi asipate pa kutokea anakufa maji. Mtu anasema si kaa huyu, si katoka baharini. Hapana ndugu yangu, bahari kwake ni pa kuogea na kuangulia mayai tu. Anataka tangi lenye mfuniko, hewa ya unyevu asilimia 75 hadi 80, mchanga wenye unyevu wa kina cha sentimita 15 au zaidi ili ajifukie akijivua gamba, na vibakuli viwili, kimoja cha maji chumvi kimoja cha maji matamu, yote yasiwe na klorini, ile dawa ya maji ya bomba. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, yaani anaweza kukuona ukizeeka. Wa majini yeye kinyume chake, ukimuacha nje mkavu atakufa. Yule kaa wa nazi wa kisiwa cha Chumbe kule Zanzibar, mkubwa kama sinia, ni ndugu wa damu wa hawa wa nchi kavu, tofauti yake akikua anaacha kubeba kombe.

Sasa makombe. Hapa naomba mnisikilize maana ni muhimu kuliko hata aina gani umechagua. Kiuno cha kaa huyu, yaani sehemu yote ya nyuma ya mwili, ni laini, hakina gamba gumu, kimejipinda kufuata mzunguko wa kombe, ndo maana hawezi kukaa bila nyumba hata saa moja salama. Akikua nyumba inabana, na kama hakuna nyumba tupu atatafuta yenye mtu. Kwa kila kaa weka makombe matatu mpaka matano ya ziada ya saizi zinazopishana, kuanzia sawa na lake mpaka kubwa zaidi. Na mlango wa kombe uangalie: kwangu miguu bluu wanapenda makombe membamba marefu, skaleti na pundamilia wanataka mlango wa mviringo. Yasiwe yamepakwa rangi. Yachemshe dakika kadhaa, yapoe, ndo uweke.

Nilishawahi kukaa usiku wa manane kumtazama skaleti wangu mkubwa akihama. Alilifikia kombe jipya akaligeuza mpaka mlango ukaangalia juu, akalipima kwa nje na magando, akaingiza miguu ndani akatoa punje za mchanga moja moja akizitupa pembeni, akatoka akazunguka, akarudi. Zaidi ya dakika 40. Halafu ghafla kiuno kimetoka kule kimeingia huku, sekunde moja haikufika, ukipepesa macho umekosa. Akakaa ndani ya nyumba mpya huku ameshikilia ile ya zamani kwa gando moja, kama hana uhakika. Asubuhi ile ya zamani ilikuwa na skaleti mdogo ndani. Huko porini wanafanya hivyo hivyo, mkubwa akihama wadogo wanahamia nyuma yake kwa mpangilio wa saizi.

Chakula, kwa ufupi: usimtegemee aishi kwa mwani tu. Mara mbili kwa wiki natupia kipande cha mwani mkavu ule wa kufungia sushi, saizi ya ukucha, au punje ya chakula cha samaki inayozama, au kipande chembamba cha nyama ya kamba mbichi. Tangu nianze hivyo vita vimeisha kabisa.

Maji ni yale yale kwa wote wa majini. Chumvi gramu 35 kwa lita, ukipima kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji, iwe 1.024 mpaka 1.026, joto nyuzi 24 hadi 26, amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sifuri, na tangi jipya liache wiki 4 mpaka 6 litengeneze bakteria wake kabla ya kuweka kaa yeyote. Maji yakipungua kwa kukauka ongeza maji matamu sio ya chumvi, chumvi haikauki na maji inabaki mule mule, watu wengi wanaongeza maji chumvi kila siku wanashangaa kaa wanakufa. Ukimleta kaa mpya mdondoshee maji ya tangi lako taratibu kwenye ndoo kwa saa nzima. Na dawa za samaki zenye shaba zisiguse tangi hilo, shaba inaua kaa na konokono hata ikiwa kidogo. Samaki akiugua mtoe umtibie kwingine.

Jambo lingine, asubuhi moja utakuta kaa amelala kwenye mchanga, mwili mzima, miguu, magando, macho, hatikisiki. Usimtupe! Mara nyingi ni gamba tu amejivua, mwenyewe kajificha nyuma ya jiwe bado laini anasubiri ngozi iwe ngumu. Lishike, likiwa jepesi tupu na macho yanapitisha mwanga ni gamba. Aliyekufa kweli ana uzito, na harufu yake utaijua kabla hujauliza. Kwangu skaleti anajificha siku tatu nne kila akijivua, miguu bluu siku moja kashatoka.

Kuna wakati jibu sahihi sio kaa. Kama mwani wako uko kwenye kioo, kaa hatakusaidia, hapandi kioo, hapo chukua konokono aina ya trokasi, anapanda kila mahali na akianguka anajigeuza mwenyewe. Mwani ukiwa kwenye mawe na nyufa, au una mabaki ya chakula chini, hapo kaa. Mimi nina vyote, konokono 5 wa kioo na skaleti 2 wa mawe.

Mdogo wangu wa kike yuko Dar, naye anataka kuanza, akaniuliza si aende tu ufukweni achukue pundamilia wake bure. Nikamwambia kwanza maeneo ya hifadhi huruhusiwi kujichukulia kitu bila kibali, kama ile Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kule kwetu Tanga au ile ya Mafia, na nje ya hifadhi pia aulize ofisi ya uvuvi kabla ya kugusa kitu. Makombe nayo asizoe ufukweni, yale matupu tunayoyaona ndo nyumba za kaa walioko pale wanaotafuta pa kuhamia. Pili, shida yake Dar haitakuwa chumvi wala kaa, itakuwa joto na umeme. Mwezi wa pili maji ya tangi ndani ya nyumba yanaweza kupita nyuzi 30, na maji ya moto yanabeba hewa kidogo, kwa hiyo anunue feni ndogo ya kupuliza juu ya maji na pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya siku umeme ukikatika, hivyo viwili kabla ya mnyama yeyote. Kashanunua feni. Pampu bado anazunguka Kariakoo, na tangi liko na maji na mawe tu, wiki ya 3 sasa, kila jioni ananitumia picha ya kipimo cha amonia. Mimi huku mwezi ujao naongeza skaleti wawili, makombe 8 nimeshachemsha yako kwenye bakuli juu ya friji.